Mwanamke wa Kitambaa cha Njano

Mtaa wetu ni mzuri mpaka unakera. Miti imekumbatiana juu ya barabara, jua linafika chini likiwa vipandevipande, na kuta ni ndefu kiasi kwamba sijawahi kumwona jirani akianika nguo. Ukianguka uani kwako, atakayekuokota ni wewe mwenyewe. Tulihamia hapa kwa sababu mume wangu anauza bima, na watu wenye mali ya kukatia bima, alisema, huku ndiko wanakoishi. Miezi ikapita, hakuna hata mmoja aliyemfungulia geti.

Aliyeupenda mtaa ni mama mkwe. Alikuja kwetu baada ya kufiwa na mumewe, na mwanzoni alikaa dirishani tu akiuliza, "Hivi hawa watu wako wapi?" Kisha akafunga kitambaa chake cha njano kichwani, akatoka kwenda kuwatafuta. Kila jioni alirudi na habari. Nyumba ya kona ina mti unaomwaga maua yake yote barabarani, na hakuna anayeyatazama isipokuwa mfagiaji. Nyuma ya geti la kijani kuna mzee anayekohoa vibaya. Walikuwa wamezoea kusalimiana kupitia ukuta bila kuonana, na mama mkwe akambatiza Mzee Kikohozi. Walinzi wote aliwajua, na watoto wao, na magonjwa ya watoto wao.

"Mama, wewe utagombea ubunge hapa," nilimtania.

"Na nitashinda. Nani mwingine anasalimia watu?"

Jioni moja nilikuwa nakata vitunguu, ujumbe ukaingia kwenye kundi la wakazi kwenye simu. Ulitoka kwa mwenyekiti wa wakazi, mama mmoja mwenye majumba na mbwa wakali. "Wapendwa, mwanamke huyu anazurura mtaani na kuchungulia kwenye mageti. Kuna anayemjua? Walinzi wawe macho." Chini yake kulikuwa na picha: kitambaa cha njano, mgongo ulioinama kidogo, mkono umeinuliwa. Alikuwa mama mkwe, akiupungia ukuta.

Niliweka kisu chini nijibu. Lakini kabla sijafuta mikono, mume wangu, aliyekuwa bado kazini, alishajibu. Nikashusha pumzi. Halafu nikasoma. "Samahani sana majirani. Huyo ni mfanyakazi wetu wa ndani, bado mgeni. Nimeshamkanya."

Aliporudi nilimuuliza kama ana akili timamu.

"Ulitaka niseme nini?"

"Useme ni mama yako! Kwani ni maneno mangapi?"

Akavua tai polepole. "Yule mwenyekiti ndiye anayesikilizwa na wote hapa. Niache kwanza nipenye. Nikishapenya, nitawaambia."

Niliona aibu kwa ajili yake, nikamwacha ale peke yake.

Mama mkwe aliambiwa na mlinzi wa geti la kijani, tena kwa huruma. "Bibi, bosi wako hataki uzurure. Usije ukafukuzwa kazi." Alirudi mapema siku hiyo, akafungua kitambaa, akakikunja. Akanisimulia bila kupandisha sauti, nami nikaitwaa simu kuandika ukweli palepale. Akanishika mkono.

"Usithubutu. Utamwaibisha mwanangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshazeeka. Aibu itanipata wapi?"

Ilikuwa imempata. Hakutoka tena. Siku moja nilipita kando ya geti la kijani, nikasikia kikohozi, kisha sauti ikauliza, "Umepotelea wapi wewe?" Nikajibu kwamba mimi ni mtu mwingine. Mzee Kikohozi akaanza tena kukohoa.

Hatimaye mwenyekiti alikubali kuja kwetu kusikiliza habari za bima. Mume wangu alipanga makaratasi, akayapangua, akayapanga tena. Mimi nilikwenda kuchukua chai jikoni, nikamkuta mama mkwe ameshika sinia. Nilitaka kumpokea, akakataa. Akaingia nalo sebuleni, akamwandalia mgeni, akamwandalia mwanawe.

"Si ndiye yule wa kwenye picha!" mwenyekiti akasema kwa furaha. "Ana adabu nzuri. Mko naye muda mrefu?"

Mume wangu akaanza kuyapanga upya makaratasi. Mama yake alisimama akimtazama, mikono mitupu, na tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akimwomba mtu kitu kwa macho namna ile. Alipoona jibu haliji, akajibu mwenyewe.

"Huyu nimemlea mimi, tangu ananyonya."

"Kumbe!" Mwenyekiti aliweka kikombe chini. "Basi huyu si mfanyakazi tena. Huyu ni kama mama."

Nikasema moyoni, haya, sasa. Kazi yote amefanyiwa. Amebakiza kulitoa neno moja tu, na huyu mgeni mwenyewe angecheka, na mambo yangekwisha. Mume wangu akamtabasamia mwenyekiti.

"Kabisa," akasema. "Ni kama mama."

Mama mkwe aliinua sinia mezani.

"Asante, bosi," akasema, akarudi jikoni.