Cherehani Ndani ya Gari

Usimwambie apumzike mwanamke aliyeshona magauni ya harusi ya mji mzima. Mwanawe kifunguamimba alithubutu. Alipaka rangi chumba cha nyuma ya jiko lake, akawatangazia ndugu wote kwamba mama anahamia kwake, akasahau jambo moja tu: kumuuliza mama mwenyewe, yule ambaye kila mtu alimwita Fundi. Jibu alilipata kwenye yadi inayouza magari ya kulala, yale ya kuishi ndani, akitweta, cherehani cha mkono kimemlemea begani.

"Sasa hiki cha nini, Mama?"

"Nyumba nisiyoweza kushona ndani yake si nyumba. Twende."

Walianza na karavani la kukokotwa. Lina kabati, lina jiko, lina mapazia yaliyoshonwa ovyo, Fundi akayanunia. Meza ilifaa. Lakini muuzaji aliposema lazima livutwe na gari jingine, Fundi akashuka.

"Yaani nikitaka kuondoka nianze kuombaomba watu? Hapana, baba."

Gari la pili lilikuwa na hema juu ya paa. Akavua viatu, akapanda ngazi, mwanawe huku chini anapiga kelele kama anayeibiwa. Fundi akajilaza juu, akacheka peke yake. Kushuka ndiko kulikomtoa machozi. Magoti yalikataa katakata.

"Haya, hapo mmenishinda," akakubali. Mkaidi alikuwa, mjinga hakuwa.

Kisha muuzaji akawafungulia dude moja lenye vitanda vinne. Mwana akachangamka. "Hili ndilo! Tutakwenda wote, mimi nitaendesha."

"Thubutu!"

Kigari cha mwisho kilikuwa na kitanda kimoja na meza iliyokazwa ukutani. Fundi akaketi, akaweka cherehani, akamwamuru muuzaji awashe injini. Akatia kitambaa, akazungusha gurudumu. Injini inanguruma, meza tuli, mshono umenyooka.

"Nachukua hiki."

"Mama, ukiugua njiani?"

"Kwani kwako homa haiji?" Kisha sauti ikashuka. "Naogopa, mwanangu, usidhani siogopi. Lakini kile chumba nakiogopa zaidi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kwako nitakuwa mgeni mpaka nife."

Mwana akainamisha kichwa. Ndipo la moyoni likamtoka.

"Watu watasema nimemfukuza mama yangu."

Kumbe! Rangi yote ile, matangazo yote yale, ni hofu ya midomo ya majirani tu! Hasira ikampanda Fundi, ikapambana na huruma, huruma ikashindwa kwa kiduchu. Akahamia kiti cha dereva, akafunga mkanda. Mwanawe akabaki nje, ameushika mlango.

"Waambie hukunifukuza," akamwambia. "Waambie nimekutoroka. Na huo mlango usiubamize, ni wangu."