Mipira ya Madirisha ya Leodgar

Nyumba ilikuwa haijatimiza hata mwaka, na tayari madirisha yake yalikuwa yameota ndevu. Ukungu mweusi ulikuwa umeishika mipira yote inayozunguka vioo. Adelina aliusugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, na baada ya siku tatu ulirudi palepale, kama mdai asiyejua aibu.

"Mipira ya bei rahisi hii," alinung'unika, ingawa alijua fika kwamba marehemu mume wake, Leodgar, hakununua cha rahisi kwa ajili ya nyumba hii. Misimu kumi na miwili ya tumbaku kule Urambo ndiyo iliyozisimamisha kuta hizi hapa Tabora mjini. Leodgar alilala ndani yake siku tisa tu. Siku ya kumi kifua kikambana, akatolewa kwa bajaji, hakurudi. Siku tisa! Hata mgeni hukaa zaidi.

Alichomwachia ni koti. Lilining'inia ndani ya kabati la chumbani, limejaa harufu ya moshi na jani lililokauka, harufu aliyolala nayo miaka thelathini na minne akiilalamikia. Sasa aliitamani mpaka ikamuuma. Ili isimtoroke, alifanya alichomwona Leodgar akifanya kila msimu. Mzee yule alikuwa akilizunguka bani lake la kukaushia tumbaku na ndoo ya udongo, akikandika hata ufa wa kupita sindano, joto lisitoke. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema kila mara, kana kwamba methali ile aliitunga yeye. Basi matanga yalipokwisha, Adelina akayafunga madirisha yote. Mvua zikaja, nguo akaanika ndani, maji akachemsha ndani, na dirisha hakufungua hata moja.

Jumamosi moja binti yake Consolatha alikuja na Masele, fundi aliyeyapachika madirisha hayo. Consolatha alianza kukohoa kabla hata ya kukaa.

"Shikamoo, mama," alisema fundi.

"Marahaba. Mipira yako imeoza, Masele."

Masele alipitisha kidole kwenye mpira, akasukuma kioo. Kiligoma, kikalia, kikasogea kidogo.

"Funga!" Adelina alimdaka mkono.

"Mipira mizima hii, mama. Dirisha hili lilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Wakati wa matanga ya Baba Consolatha."

Consolatha alimtazama mama yake, kisha akalitazama kabati. "Jamani, mama. Kumbe ni lile koti?"

"Baba yako alikuwa anaziba kila ufa, mwanangu. Nami nimeziba."

Masele alikuna kichwa. Naye alilelewa kwenye mashamba ya tumbaku. "Lakini mama, bani lina moto ndani. Jani bichi ukilifungia bila moto, linakuwaje?"

Kila mtoto wa Urambo anajua jibu. Linaota ukungu. Adelina mwenyewe alikwisha kuwagombeza vibarua wengi kwa kosa hilohilo. Alikwenda kabatini.

Kola ya koti ilikuwa imeota ukungu mweupe. Aliingiza pua kwenye kwapa, kwenye bitana, ndani ya mifuko. Lilinuka udongo uliolowa, basi. Adelina aliketi kitandani akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka, na Consolatha akamshika mabega bila kumnyamazisha.

Alipomaliza aliinuka, akayafungua madirisha mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi la jikoni. Kisha akalipeleka koti uani, akalikung'uta, akalianika kwenye kamba, kama alivyozoea kulitoa juani jani lililoshika unyevu.

Alasiri alipita na beseni la vyombo. Jua lilikuwa limelichoma koti mpaka mishono, na kutoka humo, hafifu sana, ilitoka harufu ya moshi wa bani. Mkono wake ulikwisha kuifikia kamba, alichukue, akimbilie nalo ndani, afunge.

Aliushusha mkono. Aliliweka beseni chini, akazunguka koti, akasimama upande ule upepo unakoelekea, akaivuta harufu ile taratibu hadi ikaisha.