Jalada la Usipande

Mjinga wa kisa hiki alikuwa Arvid Kangas, na hata leo ukimuuliza atakubali kabla hujamaliza swali.

Miaka miwili alijifungia katika nyumba yake ya kupanga pale Calumet, mji wa theluji na machimbo ya shaba yaliyofungwa, akitengeneza peke yake mchezo wa kompyuta wa kutisha. Kazi ya kuendesha gari la kuondoa theluji aliiacha. Mchumba alimwacha yeye. Mchezo ukakamilika, akauita Usipande, na kusema kweli ulikuwa mzuri: mchezaji yuko peke yake katika nyumba walimopanga wachimba shaba wa zamani, anasikia mambo ghorofani, na kazi yake yote ni kuvumilia asipande ngazi. Waliojaribu walizima kompyuta wakaenda kukaa karibu na watu.

Shida ni kwamba waliojaribu walikuwa kumi na mmoja, na wanne kati yao ni binamu zake.

Jumatatu saa saba mchana duka la mtandaoni lilikuwa linafungua wiki ya majaribio, watu wajionjee michezo mipya bure. Kila mchezo huingia wiki hiyo mara moja tu katika maisha yake. Ukipita bila kuonekana, ndiyo umekwisha. Arvid alikuwa ameshampigia msimamizi wa magari ya theluji kuulizia nafasi, kama mgonjwa anayemwita seremala aje ampime jeneza.

Ijumaa ya kabla yake akamwita Merryn Trevarrow, mchora mabango. Miaka kumi na tano Merryn alichora mabango ya maduka yasomwe na dereva anayepita katikati ya theluji inayoanguka, na barabara ilikuwa imemfunza adabu ya kutosema mengi.

"Sitaki ubadilishe kitu," Arvid alimwambia. "Nataka mtu mwenye jicho aseme ni zuri."

Akalifungua jalada la mchezo, picha ya kuutangazia dukani, kwenye skrini pana kama mlango. Kulikuwa na zimwi lenye vinywa saba, minyororo, popo, mwezi mwekundu, mtoto na mwanasesere wake, shimo la mgodi, na damu ikichuruzika kutoka kila herufi ya jina.

Merryn alilitazama, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mjomba wangu tu ndiye hayumo," alisema. "Wengine wote naona wamefika."

"Cheka tu. Hao popo wamenila wiki tatu."

"Dukani mtu ataliona kwa ukubwa gani?"

Miezi yote hiyo Arvid hakuwahi kulitazama likiwa dogo. Merryn akalipunguza mpaka likalingana na stempu, akalipanga katikati ya majalada ishirini ya michezo mingine, akalitia kwenye simu yake na kusema, "Vaa koti. Twende kwa Mama Saima."

Mama Saima alikuwa akiuza pasti, mikate iliyofungwa nyama na viazi, mtaa wa pili kutoka hapo. Mchezo wa kompyuta hakuwahi kuugusa, na ndiyo sababu Merryn alimpenda kwa kazi hii. Jaribio la Merryn lilikuwa jepesi: anakuonyesha simu, anahesabu moja, anaificha, anakuuliza umeona nini. Mwenye kazi haruhusiwi kueleza wala kujitetea.

"Pitsa," alisema Mama Saima, mikono bado imo kwenye unga. "Imeungua."

"Mama, hilo ni zimwi," Arvid akajitetea.

"Basi zimwi limelalia pitsa, mwanangu. Pasti yako nikutilie vitunguu?"

Njia nzima ya kurudi Arvid alitafuna pasti yake. Walipofika Merryn akasimama mlangoni, akainua macho.

"Nyumba ya kwenye mchezo si ndiyo hii?"

Ilikuwa ndiyo hii. Arvid alipanga chini tu. Ngazi za kwenda juu mwenye nyumba alizipigilia mbao kabla Arvid hajahamia, akasema huko hakuna kitu ila vumbi.

"Hofu haitaki umati," Merryn akasema. "Kitu kimoja, mwanga mmoja, halafu giza la kutosha ili kila mtu alijaze kwa woga wake mwenyewe. Vuka barabara ukaipige picha nyumba yako kabla jua halijazama."

Arvid akavuka, akapiga moja tu, maana vidole vilikuwa vinaganda. Dirisha la juu lilikuwa limeshika rangi ya machweo. Merryn akaifanya nyumba nyeusi, theluji ya kijivu, akaliacha dirisha peke yake linawaka njano, na jina akaliandika kwa herufi nene zisizo na hata tone la damu. Alipolipunguza jalada hilo jipya likawa kama stempu, Arvid akaenda kuangalia kama amefunga mlango. Ulikuwa umefungwa.

Jumamosi asubuhi wakarudi kwa Mama Saima. Moja. Simu ikafichwa.

Mama Saima aliacha kukunja unga.

"Huyo mama wa dirishani mbona mmemfunika kichwa na maandishi?"

"Mama gani?" Arvid akauliza.

Mleta barua alikuwa hapo kaunta akingoja pasti yake. Merryn akamwonyesha naye bila kumwambia neno.

"Mwanamke," akasema yule. "Kaweka kiganja kwenye kioo. Ni nani?"

Nyumbani wakalikuza jalada likajaa skrini: doa la njano, uchafu wa kioo, basi. Wakalipunguza: mwanamke, mabega yameinama kidogo, kiganja kiko kwenye kioo, na mahali pa kichwa imekaa herufi ya mwisho ya jina. Wakalikuza tena: doa.

"Umenichezea," Arvid akasema.

"Picha umepiga wewe. Mimi nimetia rangi tu."

Arvid akatoka nje kutazama. Dirisha lilikuwa chafu na tupu, pazia hata moja hakuna. Aliporudi ndani alijikuta anatembea kwa kufuata ukuta, mbali na sehemu ya sebule iliyo chini ya chumba cha dirisha lile, na alipogundua anafanya hivyo hakurekebisha.

"Vyovyote vile, herufi zinamla kichwa," Merryn akasema. "Jioni nitapiga nyingine."

Jioni akavuka barabara peke yake, akakaa huko muda mrefu kuliko picha inavyotaka. Arvid alimchungulia: amesimama kwenye theluji, uso ameuinua, midomo inacheza. Akadhani anaimba ili asahau baridi. Juu ya kichwa chake Arvid ubao ukalia mara moja, kama unavyolia mtu anapohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Kisha kimya.

Katika picha mpya dirisha lilikuwa na doa lilelile, limejisogeza pembeni. Likipunguzwa, mwanamke amesimama ukingoni mwa kushoto, kichwa kiko wazi, mkono ameushusha, na jina linasomeka lote. Mama Saima alipoonyeshwa Jumapili asubuhi hakuhitaji hata hesabu ya moja.

"Sasa amekaa vizuri," alisema. "Ila sipandi hapo hata mnipe nyumba yenyewe."

Jioni hiyo, jalada likisubiri kupandishwa dukani, Arvid akakataa.

"Mfute."

"Nimfute nani?"

"Merryn, usinifanye mtoto. Kwenye mchezo wangu hamna mwanamke. Watu watamtafuta, hawatamwona, watasema nimewadanganya."

"Watamtafuta, ndiyo. Jalada ni la kazi gani kwani?"

"Mimi nalala chini yake."

"Miaka miwili umelala chini yake, bwana, na unanenepa."

"Futa lile doa. Ni brashi moja tu."

"Brashi moja, naweza. Kesho saa saba mtu atapita kwenye dirisha tupu kama anavyopita kwenye madirisha yote, na wewe Jumanne uko kwenye gari la theluji. Sema nifute."

Arvid alitazama stempu ile kwenye skrini, akatazama dari, akashusha sauti kama wanavyoshusha watu wanaomsema mtu wa chumba cha pili.

"Basi niambie kitu kimoja tu. Ijumaa alikuwa katikati ya dirisha. Jana yuko kushoto. Amesogeaje?"

Merryn alikuwa anafunga kamba za viatu, na hakuinua kichwa.

"Jina lilikuwa linamziba, nikamwomba kwa adabu asogee kidogo, akasogea. Wewe ukitaka aondoke kabisa, nyundo iko kwenye gari langu: ng'oa mbao, panda, ukamwambie mwenyewe."