Mbeleko Juu ya Mto

Mama mkwe wangu Acha alikuwa akiomba, na mimi nilikuwa nikitamani anyamaze. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimembeba mgongoni mwanangu Dawi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Asubuhi joto lake lilikuwa dogo, nikamwambia mume wangu Akhi avuke mto aende zake kanisani, maana waimbaji wa besi hawawezi kuanza bila yeye. Akhi alipoondoka tu, mtoto akakakamaa, macho yakageuka juu, povu likamtoka mdomoni. Muuguzi yuko ng'ambo ya mto, na mama alikuwa bado anamshukuru Mungu kwa mahindi.

"Mama, ameshasikia," nikasema. "Amina. Nifunge twende."

"Unamswaga Mungu kama mbuzi? Haraka haraka haina baraka, Nahen."

"Mwambie Dawi hayo."

Alinikaza mkanda wa kukalia, akavuta kila fundo, akaipachika roda, kile kigurudumu cha kutelezea, juu ya waya uliokatiza mto, kisha akanipa shungi la majani mabichi. Kwetu mtoto anaujua waya kabla hajajua ngazi. Unasukuma kwa mguu, unateleza juu ya mto, na ukiikaribia ng'ambo unabana majani kwenye waya ili kupunguza mwendo. Ukichelewa kubana, unajigonga kwenye gogo linaloshikilia waya uvunjike mbavu. Ukiwahi mno, unasimama katikati, pale waya unapolegea, na kutoka hapo ni kazi ya mikono.

Nimevuka waya ule tangu sijang'oa meno ya utoto. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, waya ukawa telezi, nikaenda mbio kuliko nilivyozoea, na nilipoliona gogo mbele yangu nilimfikiria Dawi tu. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Roda ikalia, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kisha taratibu ikarudi nyuma pamoja nami, hadi katikati kabisa.

Chini yangu mto ulikuwa mwekundu kwa udongo wa milimani, na mti mzima ulipita ukijigeuza na mizizi yake. Nikatupa majani, nikaushika waya nikaanza kujivuta. Grisi na maji ya mvua! Navuta shibiri moja, narudi mbili. Nilivuta hadi viganja vikachubuka.

"Tulia!" Acha alipiga kelele kutoka ukingoni kwetu. "Utaishiwa nguvu! Kaa, usubiri watoke!"

Watoke wapi? Kanisa liko juu kidogo ya ule ukingo mwingine, na kijiji kizima kilikuwa ndani kikiimba kwa sauti nne. Roda zetu ni mbili tu, moja nilikuwa nayo, nyingine alikuwa nayo Akhi. Nikapiga kelele, "Akhi! Jamani!" Wakaendelea kuimba. Niliisikia besi ikinguruma chini ya sauti nyingine, na nikajua mume wangu amefumba macho, anamsifu Mungu kwa raha zake, huku mwanawe akining'inia kama bunzi la mahindi darini. Nilikasirika. Nikamwambia Mungu wazi: wimbo wao unausikia, mimi hunisikii?

Upepo wa bondeni ukaanza. Ukawa unanibembeza huku na huku juu ya mto, mkanda ukilia kwenye mapaja. Dawi alikuwa analia, kilio chembamba cha mtoto mgonjwa, kikinipasha joto shingoni. Nilikuwa nikikisikiliza kile kilio tu, sikutaka kusikia kingine.

Kikakatika.

"Dawi?" Nikajitikisa kidogo. "Dawi, baba." Kichwa chake kiligonga bega langu kikalala upande. Hakuna sauti. Nilipeleka mkono nyuma, nikagusa mguu, nikauona u baridi, lakini mkono wangu wenyewe ulikuwa baridi, ningejuaje? Mkanda ulikuwa umenishika vizuri, mikono yangu yote miwili ilikuwa huru. Fundo la mbeleko lilikuwa hapa kifuani. Nikilifungua, nikamzungusha mbele, nitamwona uso. Kama amezibwa pumzi nitamsafisha mdomo. Mama gani anakaa na mtoto anayekufa mgongoni bila kumtazama? Vidole vikaanza kulegeza fundo.

"Nahen! Usifungue!"

"Amenyamaza, mama!"

"Usimguse! Liache fundo!"

"Amenyamaza, sijui kama yu hai!"

Kisha sauti yake ikaja, na haikuwa ile ya kunisema. Ilikuwa imepasuka.

"Mimi nilifungua! Nahen! Mimi nilifungua mbeleko!"

Vidole vyangu vikasimama. Sote tulijua kwamba mama alipoteza binti kwenye mto huu, kabla Akhi hajazaliwa. Alituambia kamba ya mbeleko ilikuwa chakavu, ikakatika. Maisha yake yote alisema hivyo, hata mbele ya kanisa, na kila mtu akailaani ile kamba.

"Alinyamaza nikataka kumwona tu!" akapiga kelele. "Alikuwa mzima! Alifumbua macho akanitazama, upepo ukaja! Alikuwa mzima, mwanangu!"

Upepo ukaja kwangu pia, ukanigeuza uso ukaelekea mto. Nikaliachia fundo. Nikaushika mkanda kwa mikono yote miwili, pande mbili za mapaja, nikaubana mpaka vidole vikafa ganzi, maana nilijua nikiiacha mikono huru itarudi kifuani yenyewe.

Watu husema imani huondoa hofu. Yangu siku ile haikuondoa kitu. Niliogopa hadi meno yakagongana. Nilisema, "Bwana, mtazame wewe. Mimi sioni huko nyuma. Mtazame wewe." Sikuwa na maneno mengine. Kila mikono ilipotaka kupanda, niliyasema tena.

Wimbo ukaisha. Sikufurahi, kwa sababu najua kinachofuata: kwetu kila mtu huomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja, na kanisa linavuma kama mzinga. Hakuna anayemsikia mwenzake, sembuse mtu wa nje. Wakaomba. Wakaomba tena. Nami nikakaa, na mgongo wangu ukiwa umenyamaza, nikamwambia Mungu amtazame.

Waliponyamaza ndipo Acha alipolipaza jina la mwanawe, kwa ile sauti ya kuitana mlima kwa mlima. Mlango wa kanisa ukafunguka.

Akhi alinijia na roda yake, kamba kiunoni, wanaume wameishika ng'ambo. Alinikumbatia pamoja na mkanda.

"Mtazame," nikamwambia. "Yu hai?"

"Tukifika."

"Akhi, mtazame!"

"Tukifika, mke wangu. Shika hapa."

Wakatuvuta. Miguu ilipogusa udongo nilishindwa kufungua fundo, muuguzi akalifungua. Dawi alikuwa mweupe, midomo ya bluu, kichwa kimelegea kama cha kuku. Muuguzi akaweka sikio kifuani pake. Sijui alisikiliza kwa muda gani. Kisha akamfinya wayo, akamfinya tena kwa nguvu, na mwanangu akakunja uso, akavuta pumzi, akalia kwa hasira kweli, kama mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Degedege limemchosha," muuguzi akasema. "Mlete ndani upesi, joto halijaisha."

"Subiri," nikasema. Sijui kama niliwahi kulisema neno hilo kabla ya siku ile.

Ng'ambo ya pili Acha alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Nilimwita, lakini sauti yangu ilikuwa imekauka, mto ukaimeza, na macho yake si ya kuona uso wa mtoto toka mbali. Basi nikamshika Dawi kwapani nikamwinua juu ya kichwa changu, anapiga mateke hewani, ili hata macho mabovu yaone kwamba yale ni mateke.

Mama akasimama. Akainyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokezwa mtoto, akabaki hivyo.