Miguu ya Mwenyekiti

Kila Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, mtunza kanda wa kituo cha redio alichekecha unga wa ngano kwenye masinia matatu ya bati. Aliusawazisha kwa rula ya mbao, kisha akaweka kila sinia mbele ya kiti chake. Wanakamati watatu wa kukagua muziki walipoingia walivua viatu na soksi, wakakunja suruali mara mbili, wakatia miguu ungani. Ndipo kanda ilipochezwa.

Kanuni ilikuwa fupi. Muziki uliopita bila kidole cha mguu kuvuruga unga uliitwa makini, ukapelekwa kwenye chumba chenye feni na makabati ya kufuli. Muziki uliovuruga unga uliitwa wa burudani, na kanda yake ilifutwa Ijumaa, kwa sababu kanda mpya zilikuwa haba na hotuba zilikuwa nyingi.

Mtunza kanda alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Aliwahi kuona okestra ya watu themanini ikipita pasipo punje ya unga kusogea, maana wanakamati wote watatu walikuwa wamelala.

"Mlilala, wazee wangu," aliwaambia siku hiyo.

"Kulala mbele ya kitu kikubwa ni adabu," mwenyekiti alijibu huku akipangusa nyayo.

"Na kukoroma?"

"Kukoroma ni kuafiki."

Katibu aliandika hivyo hivyo.

Jumanne hii ilikuwa zamu ya kanda namba mia nne kumi na nane. Baba yake mtunza kanda alikuwa fundi viatu aliyepiga gita baada ya kufunga kibanda. Mama yake aliimba. Walitunga wimbo wa kanda hiyo wiki waliyomzika mtoto wao wa kwanza, kabla mtunza kanda hajazaliwa. Majirani walimuuliza fundi viatu imekuwaje wimbo wa kumlilia marehemu ukachezeka. Aliwauliza na yeye, huzuni isiyo na miguu itafikaje nyumbani.

Wimbo ulirekodiwa mara moja tu, katika jengo hilo hilo. Wazazi wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na sauti ya mama haikubaki mahali pengine popote. Kunakili kanda za kituo kulikatazwa. Mlinzi wa getini alipekua wafanyakazi mpaka ndani ya soksi. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita mtunza kanda aliihamisha kanda ile kutoka rafu ambayo haijakaguliwa kwenda nyingine ambayo haijakaguliwa. Sasa rafu zilikuwa zimekwisha.

"Hii ni ya wazazi wangu," aliwaambia. "Anayeimba ni mama."

"Basi toka nje, mwanangu," mwenyekiti alisema. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake."

"Ngozi iko kwenye mashine, mzee. Nikitoka, nani ataiwasha?"

Wanakamati walitazamana. Hakuna aliyejua kuwasha mashine. Akabaki.

Ubeti wa kwanza mama aliimba peke yake. Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye aliyekuwa mwanakamati wa tatu, alishika magoti yake kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia mbuzi wawili. Katibu aliuma kalamu. Katika ubeti wa pili machozi yalimtoka mwenyekiti, yakateremka taratibu mpaka kwenye tai. Gita lilipoingia katika ubeti wa tatu, miguu yake ilijifungua kwenye vifundo, bila kelele, kama kifuniko cha chupa kilichozoea kufunguliwa. Hapakuwa na damu. Iliruka kutoka kwenye sinia, wa kushoto ukitangulia, ikacheza kuizunguka meza, ikatoka mlangoni. Alama nyeupe zilibaki sakafuni, ukumbi mzima, mpaka kwenye stoo ya kanda.

Katibu alitazama saa ya ukutani, akaandika: Saa nne na dakika kumi na mbili, miguu ya mwenyekiti imetoka.

"Imeomba ruhusa?" mwalimu wa kwaya aliuliza.

"Haikuomba," mwenyekiti alisema, akijifuta machozi kwa kiganja.

Mtunza kanda alizima mashine. Aliinua sinia la mwenyekiti, akalipitisha mbele yao. Ndani yake mlikuwa na nyayo mbili tu, safi kama mhuri.

"Unga umetulia," alisema. "Kanuni ni yenu, si yangu."

"Imechezea nje ya sinia," mwenyekiti alisema.

"Kanuni haitaji nje."

"Wala haitaji miguu kuondoka."

"Na machozi je, mzee? Umelia na umecheza, wimbo ule ule, dakika ile ile. Huo mpaka wenu uko wapi? Nionyesheni kwa kidole."

Mwenyekiti alifikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake. Aliinama, akagusa mahali ambapo kifundo chake kilikuwa kimeishia.

"Upo hapa," alisema. "Kuanzia hapa kwenda juu, wimbo ni makini. Kuanzia hapa kwenda chini ni burudani. Na kilichotoka ni cha chini."

Mikono mitatu iliinuliwa. Wa mwalimu wa kwaya ulichelewa, lakini uliinuka.

"Mimi sifuti," mtunza kanda alisema.

"Ni kazi yako."

"Kazi yangu ni kutunza. Kama mlitaka mfutaji, mngemwandika mfutaji."

Ijumaa katibu aliifuta mwenyewe, akifuata maelekezo yaliyobandikwa kwenye mashine. Juu yake alirekodi hotuba ya uzinduzi wa geti jipya la kituo, dakika arobaini.

Miguu haikurudi. Ilikaa stoo, chini ya meza, kwenye mkeka ambao mtunza kanda aliiletea kutoka nyumbani. Kila asubuhi iliucheza wimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Pale mama alipovuta pumzi, ilisimama. Pale gita lilipoteleza, iliteleza. Mtunza kanda alianza kuimba sehemu ya mama. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kuliko ya mama, na mara nyingi alikimbilia mbele. Akikosea, kisigino cha kushoto kiligonga sakafu mara mbili, wakaanza upya. Ilimchukua miezi mitatu kuupata wote. Mlinzi wa getini aliendelea kumpekua, na hakuona kitu.

Mwenyekiti alikuja kazini kwa kiti cha magurudumu, viatu vyake vimejazwa magazeti. Kwa kuwa hakuwa na cha kutia ungani, kanuni iliongezewa kifungu: kura ya mwenyekiti itasomwa kwenye sinia la katibu.

Alhamisi moja alijisukuma mpaka mlangoni pa stoo.

"Inaendeleaje?" aliuliza.

"Salama, mzee. Soli zimeanza kuwa ngumu."

"Haijaniulizia?"

"Haijakuulizia."

Mwenyekiti alikohoa. "Naweza kusikiliza?"

"Ingia. Lakini huku hatuna unga."

Aliingia, akasikiliza wimbo wote. Alilia palepale alipolia mara ya kwanza, na mabega yake yalicheza. Ulipokwisha alitoa leso, akajifuta uso, akatazama saa. Orodha ya kufutwa Ijumaa ilikuwa na kanda kumi na mbili, na ilihitaji sahihi yake kabla ya saa sita.

"Utazisaini?" mtunza kanda aliuliza.

"Mikono ingali yangu," alisema.

Alijisukuma kurudi kwenye chumba cha kamati. Mtunza kanda alingoja mpaka aliposikia kalamu ikifunguliwa. Kisha akafungua mlango wa stoo mpaka ukagota ukutani, akauzuia kwa kiti, akaiambia miguu ianze tena, na kwa nguvu, isikike mpaka kwenye ile kalamu.