Nyumba Isiyo na Sukari

Metito alipomleta mama yake Korogwe kutoka kwenye boma lao la Kimaasai kule Handeni, macho ya yule mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimegoma kupona. Hospitali walisema ni sukari. Wakampa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, wakamwonya kuhusu nyama ya mafuta na ile chai yake ya maziwa yenye sukari ya kuzama kijiko. Metito alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, mtu wa kushinda minadani, kwa hiyo alimkabidhi mama kwa mkewe.

"Loyce, huyu sasa ni wako," alisema.

Loyce alipokea kwa moyo mmoja. Baba yake, kule Magoma, alikufa kwa ugonjwa huohuo baada ya kukatwa mguu, na Loyce hakutaka kuyaona yale mara ya pili. Kwenye semina ya afya kanisani alikuwa amesikia kwamba vyakula vya mimea hushusha sukari. Basi hakutaka mambo ya nusu nusu. Nyama ikaondoka, maziwa yakaondoka, na sukari yote iliyokuwa kabatini akaigawa kwa majirani. Jikoni zikabaki kunde, mbaazi, mchunga, mlenda, na ugali wa dona usiozidi ngumi ya mtoto.

Mama mkwe, Nairesiae, aliitazama sahani ya kwanza kwa muda mrefu.

"Hiki ni chakula cha mbuzi," alisema.

"Kula, yeyo," Loyce alimjibu. Kimaasai hakukijua, ila neno hilo la kumwita mama alijifunza kabla hata ya harusi.

Na kweli sukari ikashuka. Kila alipomtoboa kidole, kipimo cha sukari cha nyumbani kilitoa namba ndogo kuliko ya nyuma. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Vipande vya kupimia vilipokwisha, Loyce hakuona haraka ya kununua vingine. Namba zilikuwa nzuri, ya nini kuendelea kumtoboa mama wa watu? Vidonge tu ndivyo ambavyo hakuvisahau. Alimpa mkononi, akasimama palepale mpaka avimeze.

Kisha Nairesiae akaanza kubadilika. Alitoka jasho wakati wa baridi ya asubuhi, mikono ikitetemeka hadi bangili zikalia. Alimfokea Loyce bila sababu. Siku moja alisimama mlangoni akiita ng'ombe kwa majina yao, ilhali mbele yake kulikuwa na ukuta wa jirani tu.

"Nipe sukari, Loyce," alisema siku hiyo, akiwa amemshika mkono. "Kidogo tu. Naona giza."

"Hapana, yeyo. Sukari ndiyo inayokuua."

Yule mama aliuachia mkono polepole, akamtazama usoni kama mtu aliyepata jibu la swali jingine.

Tangu hapo alikula kwa mashaka, akigeuzageuza mboga kwa kidole. Alimpigia mwanawe simu, akaongea Kimaasai kwa sauti ya chini, na katikati ya maneno hayo Loyce akasikia jina lake. Baadaye Metito alipiga.

"Mama anasema kuna kitu unamwekea kwenye mboga."

"Metito! Na wewe unaamini?"

"Nimekwambia anachosema," Metito alijibu, kisha akakata.

Asubuhi iliyofuata Nairesiae alimeza vidonge vyake, lakini sahani aliisukuma. Loyce alimbembeleza, akachoka, akaenda kufua. Aliporudi kuanika alimkuta mama mkwe chini, uani, povu mdomoni, macho wazi yasiyoona kitu. Akapiga kelele. Castory, jirani mwenye bajaji, akaja mbio, wakambeba.

Hospitali muuguzi alitoboa kidole, akasoma kipimo.

"Moja nukta nane."

"Kumi na nane?" Loyce aliuliza. "Lakini hali chochote cha sukari!"

"Dada, si kumi na nane. Moja nukta nane. Imeisha mwilini."

Wakamtundikia dripu ya glukosi. Daktari alimweleza Loyce wakiwa wamesimama koridoni. "Mboga hazina kosa. Ila dozi hii alipewa mtu wa nyama na chai ya sukari. Ulipobadilisha chakula ulitakiwa umlete tuipunguze. Chakula kinashusha, vidonge navyo vinashusha. Na leo amevimeza bila kula."

Akilini Loyce aliviona tena vile vidonge kiganjani mwa mama mkwe, asubuhi na jioni, na yeye amesimama akisubiri.

Nairesiae alipofumbua macho na kumwona, aliuondoa mkono wake mwenyewe, akauficha chini ya shuka. Metito alipofika, Loyce alimweleza kila kitu, bila kujificha. "Nimeelewa," Metito alisema, akiangalia sakafu.

Dozi ilipunguzwa. Vipande vya kupimia vikanunuliwa, na kopo la glukosi likawekwa kabatini. Kidonda kikapona kabisa, na Nairesiae mwenyewe akakubali mbele ya wageni kwamba mboga zimemsaidia. Bado anaishi Korogwe, na bado anakula kunde.

Lakini kila chakula kinapowekwa mezani, huisukuma sahani yake upande wa Loyce, kimya, mbele ya mtu yeyote aliyepo. Loyce humega, hutafuna, humeza. Nairesiae hulitazama koo lake likishuka, na husubiri kidogo. Ndipo huivuta sahani na kuanza kula. Metito, akiwepo, huendelea na chakula chake.