Ukungu wa Tin Gau

Ukungu ule ulikuwa wangu. Mtaa wetu mzima wa vyakula vikavu, kuanzia kituo cha tramu mpaka kule kwa wauza majongoo bahari, ulijua hivyo. Na mimi mwenyewe nilijua hivyo, miaka kumi na saba.

Nianze na pezi lenyewe. Ukiingia dukani kwa mzee Szeto, hata pua yako haijazoea harufu, linakutazama: pezi la mgongoni la papa, kavu, limesimamishwa ndani ya kabati la kioo, refu kunipita mimi. Mapezi makubwa namna ile sisi huyaita Tin Gau, Mbingu na Tisa, kwa vile vigae viwili vya mchezo wetu wa kamari ambavyo vikitupwa mezani wengine wote mnafyata mkia. Mengine tunauza, watu wapikie supu; hili haliuzwi. Liko pale kuonyesha kwamba mwenye duka si mtu wa mchezo. Nimewaona kwa macho yangu wateja wa zamani wakiinamisha kichwa kidogo mbele yake, halafu ndiyo wanauliza bei ya uyoga.

Sasa, mwaka mmoja mzee alilipeleka kusafishwa, na siku hizohizo mimi nikaenda kijijini Shunde kumzika mama. Niliambiwa nifanye jambo moja tu kabla sijaondoka: niweke chokaa kavu ya kunyonya unyevu kwenye trei chini ya kabati. Ilikuwa Machi, unyevu wa kwetu mnaujua, kuta zinatoka jasho na viatu vinaota manyoya kabatini. Nikasahau. Mama amekufa, nani anakumbuka chokaa? Niliporudi, pezi lilikuwa limesharudi mahali pake. Mzee alinishika mkono wa koti akanipeleka mpaka kwenye kioo.

“Hebu tazama kazi yako, Fong.”

Madoa meupe ya ukungu. Mengine kama tembe za dawa, mengine kama vifungo vya shati, toka chini hadi juu. Nililia palepale, na mpaka leo sijui kama nililia kwa sababu ya pezi au nilimlilia mama. Niliona pia kama limenenepa kidogo pale chini, lakini mzee alisema ni unyevu, na mimi niliyesahau chokaa ningebisha kwa mdomo gani?

Basi nikasugua. Kila Jumatatu. Kwa siki, kwa pombe ya mchele, kwa majani ya chai, kwa mswaki. Halikutoka doa hata moja. “Umeshaingia ndani,” mzee husema akipita. “Sugua tu.” Bi Choi wa duka la pili, muuza chaza wakavu, akanibatiza Mama Ukungu.

“Mama Ukungu, watoto hawajambo leo?”

“Hawajambo,” namjibu. “Mdogo ana sura yako.”

Msinione mjinga. Nimechambua mapezi miaka thelathini na mitatu. Nifunge macho, nipe gunia, nitakutolea la papa bluu huku, la papa nyundo kule, la yule wa ncha nyeupe peke yake. Sheria zilipoanza kuja, na orodha ya papa wanaotakiwa kibali ikawa inarefuka kila baada ya miaka michache, maafisa walikuja dukani na vitabu vyao vya picha, wakikwama wananiuliza mimi. Lakini Tin Gau lilikuwa moja tu, na lilikuwa na kabati lake; halikuwahi kuwa la kuchambua. Na papa mzima? Nilikuwa sijawahi kumwona. Mapezi yanatufikia magunini, yamekauka. Kiwiliwili kinabaki huko yalikokatwa, kinatupwa majini, wakati mwingine mwenyewe angali anapumua. Nilisikia hayo redioni siku moja nikaizima redio, maana nilikuwa nakula.

Mwaka jana mzee akatimiza themanini na mbili, akaamua kufunga kazi na kumfuata mwanawe Vancouver. Na Tin Gau alitaka aende nalo. Lakini pezi la namna ile haliondoki bandarini bila kibali, na kibali hakitoki bila ushahidi kwamba lilikuwa hapa kabla ya sheria ya kuwalinda papa wakubwa. Mzee alikuwa na picha ya mwaka sabini na moja, siku ya kufungua duka, yeye kijana mwenye nywele, pezi nyuma yake. Alichobakiza ni mfanyakazi wa siku nyingi wa kutia saini kwamba ni lilelile.

“Utie saini,” aliniambia akinimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Nikiondoka, duka lako. Nimeshasema na mwenye jengo.”

Duka langu! Jamani, mimi nakaa chumba ambacho ukinyoosha mguu kitandani unazima jiko. Usiku ule sikulala. Nitauza uyoga, nitauza maganda ya machungwa na chaza, nimkomeshe Bi Choi. Na nitanunua kiti chenye mgongo. Miaka thelathini na mitatu nimekalia kigoda.

Afisa aliyekuja kulikagua alikuwa msichana mwembamba wa miwani, Bi Mok. Aliiweka ile picha juu ya kioo, akatazama pezi, akatazama picha, akatazama pezi.

“Haya madoa hayamo kwenye picha.”

“Ukungu huo,” mzee akasema.

“Ni wangu,” nikasema mimi, haraka, kama mtu anayemtetea baba yake. “Nilisahau kuweka chokaa.”

Bi Mok akasoma jina langu kwenye karatasi zake. Hakubishana. “Bi Yim, kesho kutwa utakuja ofisini utie saini. Lakini saini unachokijua. Usisaini unachoambiwa.”

“Kitoto hiki!” nilimwambia mzee alipotoka. “Mimi nimeanza kushika mapezi yeye hajaota meno.” Tukacheka wote wawili.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa Tin Hau, mungu wetu wa kike wa baharini, na kila mwaka siku hiyo nakwenda Sai Kung kwa mdogo wangu Lin. Mumewe, shemeji Shing, ana kivuko kidogo, huwapeleka watu hekaluni kisiwani. Tulikuwa ishirini na mmoja, na nguruwe mzima wa kuokwa mbele akiwa na ua jekundu kichwani, na wamama wawili wakigombania sikio la nguruwe hata hatujafika kumtoa sadaka. Ilikuwa saa nne asubuhi, bahari imetulia kabisa. Ghafla shemeji akazima injini.

“Mwamba,” mtu mmoja akasema akinyoosha kidole.

“Hapa hapana mwamba,” shemeji akasema. “Miaka ishirini napita hapa.”

Mwamba ukasogea.

Sijui nieleze vipi. Kitu kilipita chini yetu, taratibu, na kichwa kilipotokea upande wa kulia wa chombo, mimi niligeuka kushoto na mkia ulikuwa haujaingia bado. Kipana kama njia ya gari. Wale wamama waliliachia sikio la nguruwe. Nilisikia maji yakidondoka kwenye kamba.

“Papa shilingi,” shemeji akanong’ona. “Babangu alimwona mara moja. Tusipige kelele, hana ubaya.”

Akageuka, akarudi, akaja juu pembeni yetu, mdomo wazi mpana kama mlango wa duka, anakunywa bahari. Na pezi lake la mgongoni likapanda kutoka majini, likasimama mbele yangu, maji yakilitiririka.

Nililijua. Loo, nililijua! Ule mteremko wa mbele, ile ncha, lile tako nene pale chini, kila Jumatatu miaka kumi na saba mikono yangu imepita palepale. Lakini hili lilikuwa linainama kidogo na maji, linarudi, linainama. Na lilikuwa na madoa. Meupe. Kama tembe za dawa, kama vifungo vya shati. Kutoka kwenye pezi yakashuka mgongoni, yakaenda mpaka kichwani, yakaenda mpaka mkiani, safu kwa safu, maelfu, hakuna mahali yalipoishia.

“Ana ukungu,” nikasema.

“Nini?” Lin akauliza.

“Ana ukungu mwili mzima!”

Nilicheka, halafu sikuwa nacheka. Nikainama nje ya chombo. Lin alinidaka kiunoni akipiga kelele, “Dada una wazimu! Shing, mshike!” lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika. Nikaweka dole gumba juu ya doa moja, nikasugua. Mazoea, mtanisamehe. Nikasugua kwa nguvu zangu zote. Doa halikutoka, kilichotoka ni ngozi yangu, maana ule mwili wake ni msasa mtupu. Yeye wala hakujali. Jicho lake dogo lilinipita tu, kama la mtu mwenye shughuli zake. Akazama polepole, na nikamwona akipungua chini, madoa yakibaki kuonekana mwili ulipokuwa umeshapotea.

Mtu aliwasha ubani. Wengine walikuwa wamepiga magoti palepale, nguruwe amesahaulika. Mimi nilikaa chini, damu inachuruzika kidoleni, nikawaza magunia. Maana kila pezi nililowahi kushika lilikuwa na kitu chini yake. Si kikubwa hivi, lakini kizima, chenye jicho na njia yake. Nimeshika mapezi mangapi? Na sikuwahi hata siku moja kuuliza mwenyewe yuko wapi. Nilitetemeka mpaka Lin akanifunika koti lake, nikiwa kwenye jua kali la mwezi wa tano.

Hasira ilinijia jioni, njiani kurudi. Kwa hiyo lililorudi lilikuwa pezi jingine, na madoa yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo mzee alilifungua kwenye makaratasi, akayaona, akaiona na ile trei tupu, akanisubiri nitoke mazikoni.

Asubuhi tulikaa pamoja mimi na mzee kwenye benchi nje ya ofisi ya vibali. Alikuwa amevaa suti. Nilimwambia nimemwona nani, na wapi. Akabaki anazungusha fimbo yake.

“Lile la kwanza liko wapi, mzee?”

“Niliuza,” akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. “Karamu ya harusi. Walinibembeleza. Hili nililipata kwa mtu wa meli, sheria ilikuwa imeshaanza, halina hata karatasi. Kabati lisingekaa tupu, Fong. Watu wangesema nini?”

“Na mimi je? Watu walisema nini?”

Kisha akainua kichwa, na macho yake yalikuwa yananisihi na kunisuta papo hapo. “Lakini chokaa ulisahau. Ulisahau, hukusahau?”

“Nilisahau.”

“Basi.”

“Si basi, mzee,” nikasema. “Chokaa ni yangu. Ukungu si wangu.”

Bi Mok alifungua mlango akaniita jina. Mzee alinishika mkono wa koti, vilevile kama siku ile. “Duka, Fong. Fikiria duka.” Nilifikiria. Msidhani sikufikiria. Niliiona kaunta yangu, niliuona uso wa Bi Choi, nilikiona kiti. Nikautoa mkono wake polepole, maana ni mzee na mifupa yake ni laini, nikaingia.

Nikaketi. Kiti cha ofisini kilikuwa na mgongo, nikaegemea. Bi Mok akaniwekea ile karatasi mbele, picha ya zamani upande mmoja, picha mpya ya pezi upande wa pili, akanipa kalamu. Niliishika vibaya kwa sababu ya plasta kwenye dole gumba.

“Umeumia?”

“Nilikuwa nasugua.”

Hakuelewa, na sikumweleza bado. Pale paliposema ni pezi lilelile, nikapiga mstari. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika mtu aliyeishia darasa la sita: SI LILELILE. MADOA SI UKUNGU, NI YAKE. Nikatia saini jina langu lote, Yim Sau-fong.

Bi Mok akaisoma mara mbili. Akavua miwani.

“Bi Yim, nitaulizwa hili. Una uhakika gani? Umelijuaje?”

“Nimeliona,” nikamwambia. “Jana. Likiwa na mwenyewe.”